Mali bila Daftari: Hati Inayosindikiza Programu za Kompyuta

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mtunza bohari wa kikosi hana haja ya kufafanuliwa maneno hayo. Lori likifika langoni na masanduku arobaini, jambo la kwanza analoliomba ni hati ya mzigo: kimo kitu gani, kwa idadi gani, kimetoka wapi, kimefungwa lini, na ni nani aliyetia sahihi. Asipopewa hati hiyo, masanduku hubaki juani hata kama ndani yake mna viatu vipya ambavyo askari wanavingoja kwa hamu. Mama mwenye nyumba naye hufuata kanuni hiyo hiyo ingawa haandiki daftari. Chupa ya dawa isiyo na karatasi hampi mtoto, hata ikiwa rangi yake inafanana na ile aliyopewa hospitalini juma lililopita.

Juma hili safu yetu itaeleza hati ya mzigo ya namna nyingine, ile inayosindikiza programu za kompyuta zinapotoka kwa mafundi kwenda katika mashine za watumiaji. Tutatazama hasa hati iitwayo modulemd, iliyobuniwa katika mradi wa Fedora na kutumiwa na kampuni ya Red Hat ya Marekani.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya mafundi hao wa mbali yananihusu nini mimi ninayelinda zamu ya usiku, au mimi ninayelea watoto katika nyumba za kambi? Jibu ni kwamba jina lako limo ndani ya mashine. Cheo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, majina ya watoto na jina la mrithi, siku hizi mambo hayo aghalabu hukaa katika hifadhidata ya kompyuta. Mjane anayefuatilia haki za marehemu mumewe husomewa kile ambacho mashine inakikumbuka. Kwa hiyo anayetunza mashine hiyo akichagua programu bila kusoma hati yake, hasara haiishii mezani pake. Huvuka mpaka ikafika jikoni kwa mtu asiyewahi kuigusa kompyuta.

Kiini, vifurushi na ghala

Tuanze na msingi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kiini cha mfumo wa kompyuta ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Linux. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa inayoamrisha chuma cha mashine kifanye kazi. Lakini kiini peke yake hakimfai mtumiaji, kama vile injini iliyowekwa sakafuni isivyoweza kumbeba abiria. Zinahitajika programu nyingine nyingi: za kuandikia, za kutunza kumbukumbu, za kuwasiliana, na za kulinda mlango. Watu wanaokusanya kiini na programu hizo, wakazipatanisha na kuzigawa zikiwa tayari kutumika, kazi yao huitwa usambazaji. Debian ni usambazaji mmojawapo, ulioanzishwa mwaka 1993. Fedora ni mwingine, na toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 2003. Red Hat huuza usambazaji wake kwa makampuni na serikali, na Fedora ndiyo shamba la majaribio ambako mbegu za Red Hat huoteshwa kwanza.

Katika usambazaji, kila programu hufungwa katika kifurushi. Katika Fedora na Red Hat vifurushi hivyo ni vya aina ya RPM. Kila kimoja kina karatasi yake inayotaja jina, toleo, leseni, na vifurushi vingine ambavyo lazima viwepo ili hiki kifanye kazi. Vifurushi vyote hukaa katika ghala kwenye intaneti. Mtumiaji akitaka kitu huagiza, na programu iitwayo dnf huenda ghalani, ikasoma karatasi, ikachukua kifurushi pamoja na vitegemezi vyake, kisha ikavipanga mahali pake.

Utaratibu huo ni mzuri, na umewahudumia watu kwa miaka mingi. Ila ulikuwa na mwiba mmoja.

Haraka mno au polepole mno

Methali zetu mbili hugombana. Moja husema haraka haraka haina baraka. Nyingine husema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wasambazaji wa Linux waliishi katikati ya ugomvi huo.

Fedora hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi, na kila toleo hutunzwa kwa muda wa miezi 13 hivi tu. Kijana mwenye hamu ya mambo mapya hufurahi. Lakini ofisi ambayo imeandikiwa programu yake ya kumbukumbu kwa kutegemea hifadhidata ya toleo fulani haipendi kuhamishwa hamishwa kila mwaka. Usambazaji wa Red Hat kwa ofisi ni kinyume chake. Toleo lake la 8 lilitoka Mei 2019, na limepangiwa kutunzwa kwa miaka kumi, yaani hadi Mei 2029. Hapo ofisi hupata utulivu, lakini kijana aliyeajiriwa mwaka wa sita hukuta vifaa vilivyozeeka na hawezi kufanya kazi aliyotumwa.

Swali likawa hili: je, haiwezekani nyumba ikatulia huku vyombo vya ndani vikibadilishwa kwa hiari ya mwenye nyumba? Mwaka 2013 Matthew Miller wa Fedora alipendekeza kwamba usambazaji usichukuliwe tena kuwa jiwe moja, bali ugawanywe katika tabaka, kila tabaka na mwendo wake. Mawazo ya namna hiyo yalikomaa mpaka yakazaa moduli. Mwaka 2017 mafundi wa Fedora walitoa seva ya majaribio waliyoiita Boltron. Fedora 28, iliyotoka tarehe 1 Mei 2018, ikaweka ghala la moduli kando ya ghala la kawaida. Mwaka uliofuata Red Hat ikaingiza moduli katika toleo lake la 8.

Moduli na mikondo yake

Moduli ni kundi la vifurushi vinavyokwenda pamoja kwa kazi moja. Kila moduli huweza kuwa na mikondo kadhaa, na kila mkondo hufuata toleo moja kuu la programu. Chukua mfano wa PostgreSQL, hifadhidata mashuhuri inayotunza kumbukumbu za ofisi nyingi duniani. Red Hat 8 ilipotoka, moduli ya PostgreSQL ilikuwa na mikondo miwili, wa 9.6 na wa 10. Baadaye ikaongezwa mikondo ya 12, 13, 15 na 16. Mwenye mashine huchagua mkondo mmoja, na tangu siku hiyo masahihisho yote anayopokea hutoka katika mkondo huo. Havushwi kwenda mkondo mwingine bila yeye mwenyewe kuamuru.

Hapa pana sharti ambalo wengi walilisahau. Mikondo mingi huweza kuwepo ghalani, lakini katika mashine moja mkondo mmoja tu wa moduli ndio unaoweza kuwekwa kwa wakati mmoja. Ni kama zamu ya lango. Majina mengi yamo katika orodha, lakini anayesimama langoni saa hiyo ni mmoja.

Yaliyomo katika hati

Sasa tuifungue hati yenyewe. Askari anaweza kuielewa kwa mfano huu. Karatasi ya kifurushi cha RPM ni kama kitabu cha utumishi cha askari mmoja. Hati ya modulemd ni kama orodha ya kikosi kizima: inataja ni akina nani wamo, kwa nini wamo, wametoka wapi, na kikosi kinahitaji msaada wa kikosi gani kingine. Ni faili la maandishi matupu, ambalo mtu huweza kulisoma kwa macho bila chombo maalumu. Vichwa vyake vimeandikwa kwa Kiingereza, nasi tutavifasiri kimoja kimoja.

Mstari wa kwanza husema kwamba hii ni hati ya modulemd, na mstari wa pili hutaja toleo la utaratibu wa hati. Toleo lililoenea ni la 2. Jambo hili ni dogo lakini ni la hekima, kwa kuwa msomaji wa hati, awe mtu au mashine, hujua tangu mwanzo afuate kanuni zipi.

Halafu huja utambulisho wenye sehemu tano. Kuna jina la moduli, kama vile postgresql. Kuna mkondo, kama vile 10. Kuna namba ya toleo, ambayo ni tarakimu nyingi zinazobeba ndani yake tarehe na saa. Kuna muktadha, alama fupi ya herufi na tarakimu 8 inayotofautisha moduli iliyojengwa juu ya vitegemezi hivi na ile iliyojengwa juu ya vitegemezi vingine. Mwisho kuna aina ya mtambo, kwa sababu programu iliyojengwa kwa mtambo wa aina moja haikubaliki katika mtambo wa aina nyingine. Sehemu hizo tano kwa pamoja huifanya moduli isiweze kuchanganywa na nyingine, kama vile namba ya utumishi isivyochanganya askari wawili wenye jina moja.

Baada ya utambulisho hufuata muhtasari wa mstari mmoja, kisha maelezo marefu zaidi kwa ajili ya binadamu. Hufuata leseni, na hapa hati hutofautisha mambo mawili: leseni ya hati yenyewe, na leseni za programu zilizomo.

Kisha huja vitegemezi, navyo ni vya namna mbili. Vya kwanza ni vile vinavyohitajika wakati wa kujenga. Vya pili ni vile vinavyohitajika wakati wa kutumia. Kila mama anaijua tofauti hiyo. Kinu na mchi vinahitajika siku ya kutwanga, bali siku ya kula huhitaji kinu mezani. Mtu akiviorodhesha vyote pamoja, humlazimisha mgeni abebe kinu ndipo apewe chakula. Miongoni mwa vitegemezi hutajwa pia jukwaa, yaani toleo la usambazaji ambalo moduli imekusudiwa.

Sehemu inayofuata ni ya wasifu. Mtumiaji mmoja anataka hifadhidata nzima, mwingine anataka tu chombo cha kuifikia hifadhidata iliyo katika mashine nyingine. Moduli ya PostgreSQL ina wasifu wa seva na wasifu wa mteja kwa ajili yao. Kila wasifu ni orodha fupi ya vifurushi vitakavyowekwa, ili mtu asipewe mzigo asiouhitaji.

Ipo pia orodha ya ahadi. Hiyo hutaja vifurushi ambavyo wajenzi wa moduli wanawaahidi watu wengine kuvitunza. Vingine vilivyomo ni vya ndani, na mtu wa nje akivitegemea, anavitegemea kwa hatari yake mwenyewe.

Mwishoni kuna vijenzi, yaani orodha ya vifurushi vyenyewe. Kila kijenzi hutajwa jina, mahali msimbo wake unapochukuliwa, na zamu yake ya kujengwa ikiwa hakina budi kutangulia kingine. Tena kila kijenzi lazima kitajiwe sababu ya kuwepo. Tungependa wasomaji waitafakari kanuni hiyo. Haitoshi kusema kitu kimo. Sharti useme kimo kwa nini. Bohari ngapi zingepungua uzito kama kila kitu kilichomo kingetakiwa kujieleza namna hiyo!

Nafasi moja na nukta moja

Hati hii huandikwa kwa utaratibu uitwao YAML, uliobuniwa mwaka 2001. Katika YAML, nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari zina maana. Mstari uliosogezwa ndani ni mtoto wa mstari ulio juu yake, na mistari iliyosimama sawasawa ni ndugu. Nafasi hizo lazima zibonyezwe moja moja, kwani kitufe cha kurukia hatua hakikubaliwi kwa kazi hiyo. Mtu akikosea nafasi moja, kijenzi huhamia nyumba ambayo si yake, au hati nzima hukataliwa.

Hatari nyingine imejificha katika namba. Tuchukue lugha ya kompyuta iitwayo Perl, ambayo ina toleo la 5.30. Mwandishi akiandika mkondo 5.30 bila alama za kunukuu, mashine huweza kudhani kwamba ni namba ya hesabu, na katika hesabu 5.30 na 5.3 ni kitu kimoja. Kwa fundi wa Perl hivyo si kitu kimoja hata kidogo, kwa maana toleo la 5.3 na la 5.30 hutengana kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo waandishi waangalifu hutia namba za mikondo ndani ya alama za kunukuu, ili mashine izisome kama jina. Makarani wetu wanaojaza namba za utumishi zinazoanzia na sifuri wanaifahamu vema hasara ya mashine kudhani kwamba jina ni hesabu.

Hati ya modulemd ina ndugu zake kadhaa. Mmoja ni hati ya chaguo la kawaida, inayosema kwamba mtu asipotaja mkondo apewe upi. Kwa PostgreSQL katika Red Hat 8, chaguo la kawaida lilikuwa mkondo wa 10 na wasifu wa seva. Mwingine ni hati ya kutangaza kwamba mkondo fulani umefika mwisho wake. Mwingine tena ni hati ya tafsiri, ambayo huweza kubeba muhtasari na maelezo katika lugha mbalimbali. Utaratibu huo hauibagui lugha yoyote, na Kiswahili kina nafasi sawa na Kifaransa au Kijapani. Wala kazi ya namna hiyo si ngeni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux nchini Tanzania walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili.

Yaliyoupata mpango huu

Msomaji atapenda kujua kama mambo yalikwenda vema. Ukweli ni kwamba yalikwenda vema kwa wengine na vibaya kwa wengine, na kisa chake kina mafunzo.

Katika Red Hat 8 moduli zilisaidia. Ofisi ziliweza kubaki na hifadhidata ya zamani kwa muda, kisha kuhamia mpya kwa siku zilizoipanga zenyewe, bila kung'oa mfumo mzima. Usambazaji wa AlmaLinux na wa Rocky Linux, ambao hujengwa kwa kuifuata Red Hat na kutolewa bila malipo, ulirithi moduli hizo hizo katika matoleo yao ya 8.

Katika Fedora, ambako kazi kubwa hufanywa na watu wa kujitolea, manung'uniko yalianza mapema. La kwanza lilihusu chaguo la kawaida. Mtumiaji aliagiza programu kwa njia yake ya siku zote, akapewa ile ya moduli pasipo kujua kwamba amechaguliwa mkondo. Siku ya kupandisha mashine kutoka toleo moja la Fedora kwenda jingine, hati ya moduli ilisema kwamba inahitaji jukwaa la toleo la zamani. Jukwaa hilo halikuwapo tena. Basi dnf ikasimama na kukataa kuendelea, naye mwenye mashine akashangaa kuulizwa habari za moduli ambayo hakukumbuka kuiita.

La pili lilitokana na lile sharti la mkondo mmoja. Moduli mbili zikihitaji mikondo tofauti ya moduli ya tatu, haziwezi kukaa katika mashine moja. Kila moja ni njema peke yake, lakini pamoja hazipatani.

La tatu liliwagusa wafungaji wa vifurushi wenyewe. Mwaka 2019 watunzaji wa Ant na Maven, vyombo vya kujengea programu za lugha ya Java, walivihamishia katika moduli na kuviacha vifurushi vya kawaida bila mlezi. Programu nyingi zilizokuwa nje ya moduli zilivihitaji vyombo hivyo ili zijengwe. Ikabidi wajitoleaji wengine wajiunge pamoja kuvilea vifurushi vilivyoachwa. Tusiwaone waliohama kuwa watu wabaya, maana mzigo uliwazidi, na moduli iliwapa nafasi ya kutunza kile tu walichokiweza. Lakini hatua ya mtu mmoja ilimwelemea jirani.

Mwishowe wakuu wa ufundi wa Fedora waliamua. Fedora 39, iliyotoka Novemba 2023, haikuwa tena na moduli. Fedora 38, ya mwisho kuwa nazo, ilifika kikomo cha kutunzwa Mei 2024. Red Hat nayo ilipunguza moduli katika toleo la 9 la mwaka 2022, na toleo la 10 la mwaka 2025 halikuzitumia. Badala yake ilirudiwa njia nyepesi: kuandika namba ya toleo kuu ndani ya jina la kifurushi, mathalan postgresql16. Mtu akiliona jina hulijua toleo, pasipo hati ya pili wala ya tatu.

Je, hati ya modulemd ilikuwa kazi ya bure? Hatudhani hivyo. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa ya kweli, na ingalipo. Hati yenyewe iliandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko hati nyingi za ofisini kwetu. Kilichowashinda ni wingi wa kanuni ambazo mtumiaji wa kawaida alitakiwa kuzifahamu bila kuambiwa. Daftari zuri lisiloeleweka na mwenye mali humponza kama vile kukosa daftari. Mpishi anayeweka sahani tano mezani asimfiche mgeni kwamba akichagua moja, nyingine nne huondolewa.

Mashauri kwa wanaotunza mashine

Kuna mashine nyingi zinazoendeshwa kwa Red Hat 8 na ndugu zake, nazo zitakuwapo kwa miaka. Kwa vijana wetu waliokabidhiwa mashine za namna hiyo, na kwa wazazi ambao watoto wao wanajifunza kazi hii, tunatoa mashauri manne.

Kwanza, jua uko katika mkondo upi. Amri ya dnf module list huonyesha moduli zote na mikondo yake. Herufi d kando ya mkondo huonyesha chaguo la kawaida, e huonyesha uliowashwa, x huonyesha uliozimwa, na i huonyesha wasifu uliosakinishwa. Nakili majibu hayo katika daftari la kawaida la karatasi, utie tarehe. Ukihamishwa kituo, anayepokea zamu asianze kwa kubahatisha.

Pili, usichanganye umri wa nyumba na umri wa chombo. Mtu husikia kwamba Red Hat 8 itatunzwa hadi 2029 akadhani kila kilichomo kitafika huko. Sivyo. Mikondo mingi huishi miaka michache tu. Wajenzi wa PostgreSQL wenyewe waliacha kulitunza toleo la 9.6 mwezi Novemba 2021, na la 10 mwezi Novemba 2022. Mkondo uliokwisha hauzimiki wala haupigi kelele. Huendelea kufanya kazi kama jana, ila nyufa mpya zikigunduliwa hazizibwi. Mlinzi aliyelala akiwa amesimama ni wa hatari kuliko lango lisilo na mlinzi, kwa sababu wote wanamwamini.

Tatu, usibadilishe mkondo wa hifadhidata kama unavyobadilisha shati. Faili za kumbukumbu zilizoandikwa na toleo kuu moja la PostgreSQL hazisomwi moja kwa moja na toleo kuu jingine. Ukiwasha mkondo mpya bila kuhamisha kumbukumbu kwa njia iliyoelekezwa, seva hukataa kuanza. Toa nakala kamili kwanza, iweke katika chombo kingine, kisha uijaribu kwa kuirudisha katika mashine ya pembeni. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu. Usifanye kazi hiyo siku mbili kabla ya mishahara, wala usiifanye peke yako usiku.

Nne, soma hati. Haijafungwa kwa kufuli wala haihitaji cheo. Kijana mwenye subira ya jioni moja ataweza kuifuata kuanzia jina mpaka vijenzi, na akimaliza atakuwa ameelewa namna mafundi wa mbali wanavyopatana bila kuonana. Elimu hiyo hainunuliwi, na katika kazi hii anayesoma maandishi kwa utulivu humpita yule mwenye vidole vyepesi.

Mwisho tunawakumbusha wakubwa wa ofisi neno moja. Karani anayewaambia kwamba kazi ya kuhamisha kumbukumbu inahitaji majuma mawili ya maandalizi asidhaniwe kuwa mvivu. Mwombeni awaonyeshe daftari lake. Akiwa nalo, mpeni majuma hayo mawili. Akiwa hana, mpeni daftari kwanza, ndipo mmpe mashine.